Panya watano wa dhahabu: neno ʿakhbar katika 1 Samweli 6

Wafilisti wameliteka Sanduku la Agano, wamekaa nalo miezi saba, na mambo yamewaendea kombo. Makuhani na waaguzi wao wanawaambia walirudishe, ila wasilirudishe mikono mitupu. Kando ya Sanduku ziwekwe sanamu za dhahabu: tano za uvimbe uliowapata watu, na tano za mnyama ambaye Kiebrania humwita ʿakhbar. Biblia za Kiswahili huandika "panya" na msomaji hupita bila kusita.

Kazi huanza pale darasani au kwenye meza ya watafsiri anapotokea mtu wa kuuliza: panya gani? Si swali la kichokozi. Akiwa panya wa nyumbani mwenye viroboto, kisa kinakuwa cha tauni. Akiwa panya wa shambani, kinakuwa cha mavuno yaliyoliwa. Mahubiri mengi, na hata maelezo ya pembeni katika Biblia za mafunzo, huchagua tauni kana kwamba neno lenyewe limeamua. Neno halijaamua hivyo, na ukilifuata mstari kwa mstari linaelekea kwingine.

Tuanze na neno lenyewe. Huandikwa kwa herufi nne, ayin, kaf, bet na resh (עכבר), na husomwa ʿakhbar. Katika Biblia nzima ya Kiebrania mnyama huyu ametajwa mara sita tu: Walawi 11:29, 1 Samweli 6:4, 6:5, 6:11 na 6:18, kisha Isaya 66:17. Yaani mara nne kati ya sita ni katika kisa hiki kimoja, kwa hiyo anayetaka kujua neno linatumikaje hana budi kukaa hapa. Katika mistari hiyo minne ya Samweli neno limo katika wingi, na kila mara limefungwa na neno jingine: ʿakhberei zahav, "panya wa dhahabu"; ʿakhbereikhem, "panya wenu". Wingi ulio huru, ʿakhbarim, ambao kila mwanafunzi wa Kiebrania cha leo anaujua, haumo katika Biblia hata mara moja. Ni jambo dogo, lakini humtega anayetafuta neno kwa kompyuta: ukiandika ʿakhbarim unaletewa sifuri, ukadhani neno halipo.

Kwa masikio ya Mswahili kuna mtego mwingine. Tunaijua "akbar" ya takbira, na wazee waliandika "akhbari" kwa maana ya habari. Neno la panya halihusiani na lolote kati ya hayo. "Akbar" ya Kiarabu huanza na hamza na mzizi wake ni k-b-r, ukubwa. "Akhbar" ya habari ina kh ya asili, mzizi kh-b-r. Neno letu huanza na ayni, na kh yake si kh ya asili: ni k iliyolainishwa kwa kufuata irabu, kama kanuni ya Kiebrania inavyotaka. Ushahidi ni kwamba lugha ndugu zina k au mfano wake. Kiakadi kina akbaru. Kiarabu kina ʿakbar kwa panya dume wa jangwani mwenye miguu mirefu ya kurukia, yule anayeitwa yarbuʿ. Kisiria kina ʿuqbra. Kwa hiyo yeyote anayejenga hoja kwamba panya wa Wafilisti ni "wakubwa" kwa sababu ya "akbar" amejenga juu ya sauti tu.

Kuna na maelezo ya asili ya neno yanayozunguka sana kwa sababu yamo katika kamusi ya namba ya Strong, ambako neno hili ni namba 5909. Hapo panya anahusishwa na neno la buibui, ʿakkabish, kwa wazo la "kushambulia", kisha anaelezwa kuwa mnyama "anayeguguna". Hilo ni kisio la karne ya 19, na kamusi yenyewe imeweka neno la kusitasita mbele yake. Majina ya wanyama yenye herufi nne ni kawaida katika lugha za Kisemiti, na mengi huanza na ayni: ʿakkabish ni buibui, ʿatallef ni popo, ʿaqrab ni nge. Hili la mwisho tunalo hata sisi, akrabu, katika nyota za falaki na katika mishale ya saa. Kuyapasua majina haya ili kupata kitenzi kilichofichika ndani yake mara nyingi hakuzai kitu. Maana ya ʿakhbar itafutwe katika sentensi alimokaa.

Na sentensi yenye uzito ni 6:5. Makuhani wanasema zifanywe sanamu za ʿakhbereikhem ha-mashchitim et ha-arets. Neno kwa neno: "panya wenu, wale wanaoharibu nchi". Kitenzi ni cha mzizi sh-ch-t, kuharibu au kuangamiza, na kimewekwa katika umbo la sifa: hao ndio waharibifu wanaojulikana. Watetezi wa tauni hushika hapo hapo. Husema, na ni kweli, kwamba ha-mashchit ni jina la Mwangamizi anayepita Misri usiku wa Pasaka (Kutoka 12:23), na kwamba malaika wa tauni ya siku za Daudi anaitwa kwa neno hilo hilo katika 2 Samweli 24:16. Basi panya waharibifu ni panya waleta maradhi.

Lakini tazama kinachoharibiwa. Malaika wa 2 Samweli ni ha-mashchit ba-ʿam, "mwenye kuangamiza watu". Panya wa 1 Samweli wanaharibu ha-arets, nchi, ardhi. Kitenzi hiki kikikutana na ardhi, mazao ndiyo huwa hatarini. Katika Waamuzi 6:4 Wamidiani wanaharibu yevul ha-arets, mazao ya nchi, mpaka hakuna cha kula. Na mfano ulio karibu kuliko yote ni Kutoka 8:24 (8:20 katika hesabu ya Kiebrania), ambapo nchi ya Misri "inaharibiwa" na makundi ya wadudu: mzizi ule ule, ardhi ile ile, na mharibifu ni kiumbe kidogo chenye wingi usiohesabika. Ni kweli kwamba arets mara nyingine husimama badala ya wakazi wake, kama sisi tusemavyo "nchi nzima ililia". Ila katika kisa hiki watu wana neno lao na pigo lao, ule uvimbe, na panya wametajwa mbali nao, kila pigo na sanamu yake.

Kalenda ya kisa nayo inasema kitu. Sanduku lilikaa miezi saba (6:1). Siku linaporudi Beth-shemeshi, watu wako bondeni wanavuna ngano (6:13). Mavuno ya ngano katika nchi ile huangukia takriban Mei na mwanzo wa Juni. Rudisha miezi saba nyuma, unafika Oktoba au Novemba, mvua za kwanza na wakati wa kupanda. Sanduku lilikuwa Ufilisti msimu mzima wa nafaka, tangu mbegu hadi suke. Na Ufilisti ni nchi tambarare ya nafaka. Ndiko Samsoni alikochoma mashamba ya watu, naye pia alifanya hivyo siku za mavuno ya ngano.

Nani basi huharibu shamba la ngano katika nchi hiyo? Mshukiwa wa kwanza ni panya wa shambani ambaye wataalamu humwita Microtus guentheri: mnene, mkia mfupi, masikio madogo, anaishi kwa makundi katika mashimo na kukata mabua machanga. Mimba yake ni kama siku 21, na jike hushika tena mara baada ya kuzaa, hivyo mwaka mzuri wa mvua unaweza kuleta mlipuko. Yeyote aliyewahi kupanda mahindi Morogoro na kukuta mistari mitupu kwa sababu mbegu zimefukuliwa kabla ya kuota hahitaji kuelezwa "panya wanaoharibu nchi" maana yake nini, ingawa panya wa huku ni wa jamii nyingine. Katika mashamba ya Israeli ya leo wakulima wanapambana na mnyama huyo kwa kuwawekea bundi masanduku ya kutagia. Kazi hiyo ilianza miaka ya 1980 katika kibbutzi (kijiji cha ushirika) cha Sde Eliyahu, bonde la Beit She'an.

Hoja ya tauni isidharauliwe, maana ina miguu mitatu. Kwanza ni uvimbe. Neno lililoandikwa ni ʿofalim, vitu vilivyotuna, mzizi ule ule wa Ofeli, kilima cha Yerusalemu. Wasomaji wa Kiyahudi hawakulitamka kwa sauti. Walisoma tehorim, bawasiri, badala yake, na Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya waalimu wao (Megila 25b), inalitaja miongoni mwa maneno mazito yanayosomwa kwa lugha ya adabu. Uvimbe wa kinena katika tauni ungefaa hapo. Mguu wa pili ni maradhi kuhama na Sanduku, Ashdodi, kisha Gathi, kisha Ekroni. Wa tatu ni panya wenyewe. Baada ya Alexandre Yersin kukitambua kijidudu cha tauni huko Hong Kong mwaka 1894, na Paul-Louis Simond kuonyesha kazi ya kiroboto mwaka 1898, ilikuwa vigumu kwa msomaji wa Ulaya kuona uvimbe na panya katika ukurasa mmoja asiwaunganishe. Na msomaji wa Lushoto, ambako tauni ilizuka mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara, atawaunganisha kwa haraka zaidi.

Kasoro ni kwamba muungano huo ni wa msomaji. Andiko halisemi panya walikufa, na vifo vya panya ndiyo dalili ambayo mtu wa kale angeiona. Halisemi walikuwa ndani ya nyumba. Huletwa pia mfano wa Apolo Smintheus wa Wagiriki, mungu wa panya anayeleta tauni mwanzoni mwa Iliadi, utenzi wao wa kale, lakini mfano kutoka ng'ambo ya bahari hauwezi kupindua kitenzi kilichoko mbele ya macho. Tauni inaweza kuwa ndiyo iliyowapiga watu wa Ashdodi. Hilo ni suala la neno ʿofalim. Neno ʿakhbar halitoi ushahidi wa tauni.

Tatizo gumu zaidi liko katika mtiririko. Katika Kiebrania, sura ya 5 haina panya hata mmoja. Uvimbe umeelezwa, vifo vimeelezwa, kilio cha mji kimepanda mbinguni, kisha ghafla 6:4 inadai panya wa dhahabu. Tafsiri ya Kigiriki, Septuaginta, haina pengo hilo: katika 5:6 inaongeza kwamba panya walizuka katikati ya nchi yao, na katika 6:1 kwamba nchi ilifurika panya. Vulgata ya Kilatini nayo ina panya katika 5:6. Ama mwandishi wa Kiebrania aliruka mstari wakati wa kunakili, ama Mgiriki aliona pengo akalijaza. Kwa maoni yetu, maneno "panya wenu, wale wanaoharibu nchi" yamesemwa kama kwa mtu ambaye tayari anawajua, kwa hiyo upungufu katika Kiebrania una uzito. Lakini hata ukimfuata Mgiriki, angalia alikowaweka panya: katika nchi, si mijini. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, katika kitabu cha 6 cha Mambo ya Kale ya Wayahudi, alikielewa kisa hivyo hivyo: watu waliugua matumbo, na panya waliotoka ardhini waliharibu mazao. Yeye aliwatenga waziwazi.

Tena kuna hesabu. 6:4 inasema panya watano. 6:18 inasema panya wa dhahabu walikuwa kwa idadi ya miji yote ya Wafilisti, "tangu mji wenye boma hata kijiji kisicho na ukuta". Watano au makumi? Wafafanuzi wengine hulainisha kwa kusema watano waliwakilisha wote. Wengine huona mapokeo mawili yaliyoshonwa pamoja, na hilo linaonekana kuwa karibu zaidi na ukweli, hasa kwa kuwa Septuaginta katika 6:4 inataja tano kwa ajili ya maradhi tu na kuwaacha panya bila hesabu. Mtafsiri asijaribu kuuziba ufa huo. Ila ona ulivyopasuka: uvimbe umehesabiwa kwa miji mikuu mitano, mmoja mmoja kwa jina (Ashdodi, Gaza, Ashkeloni, Gathi, Ekroni, katika 6:17), na panya wamehesabiwa hadi vijijini. Mashamba yako vijijini.

Je, ʿakhbar aliweza kweli kuwa na maana pana ya kumbeba panya wa shamba? Walawi 11:29 inamweka kati ya viumbe vinane vidogo vya ardhini vilivyo najisi, bila kumgawa kwa aina. Isaya 66:17 inamtaja pamoja na nyama ya nguruwe kama kitu kilicholiwa katika ibada za siri za bustanini. Kwa kuwa hapo ni chakula, baadhi ya wafafanuzi hupendekeza yule yarbuʿ wa jangwani, ambaye Mabedui humla. Huenda. Kwa watu wa Malawi na kusini mwa Tanzania, wanaokula panya wa shambani, pendekezo hilo halihitajiki sana.

Waalimu wa Kiyahudi waliofuata wanauonyesha upana huo vizuri. Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria (Hulini 9:6), inajadili ʿakhbar aliye nusu nyama na nusu udongo, kwa imani ya kale kwamba wengine huzaliwa na ardhi: aliyegusa upande wa nyama amenajisika, aliyegusa upande wa udongo hakunajisika. Talmudi inaongeza kwamba "panya wa baharini" hahesabiwi, kwa kuwa Walawi imesema "juu ya ardhi". Huyo wa udongo si panya wa dari.

Wa ghalani naye ni ʿakhbar. Mishna ya Bava Metzia 3:7 inampangia kiwango: aliyewekewa nafaka kwa amana, akiirudisha, anaruhusiwa kupunguza kilicholiwa na kupotea. Kwa vipimo vya kale vya nafaka, ngano na mchele ni nusu-kab tisa kwa kila kor. Kwa shayiri na uwele, kab tisa. Kwa mbegu za kitani na ngano ya maganda magumu, sea tatu. Kor moja ni sea 30, na sea ni kab 6, basi kor ni kab 180. Piga hesabu: asilimia 2.5, asilimia 5 na asilimia 10. Hapo Rabi Yohanan ben Nuri anapinga: panya inawahusu nini? Si wanakula kiasi kile kile ghala likiwa limejaa au lina kidogo? Basi ipunguzwe hasara ya kor moja tu. Talmudi ya Yerusalemu ina jibu lake kuhusu hao "panya waovu": wakiona nafaka nyingi huwaita wenzao waje kula. Na katika Talmudi ya Babeli umo msemo wa Kiaramu unaotajwa hadi leo mtu anapojadili anayepokea mali ya wizi: si panya mwizi, tundu ndilo mwizi.

Kiebrania cha leo kimegawa kazi upya, na hapo ndipo wanaojifunza lugha kwa simu hukosea. Sasa ʿakhbar ni panya mdogo wa nyumbani, na pia kipanya cha kompyuta. Panya mkubwa ni chulda, au ʿakhberosh mtaani. Yule mharibifu wa ngano amepewa jina jipya, navran, kutoka mzizi wa kufukua. Mtu akichukua mgawanyo huu na kuurudisha katika Walawi 11:29, ambapo choled na ʿakhbar wamekaa bega kwa bega, atapata "panya mkubwa na panya mdogo". Mpangilio huo unapendeza, na ni kosa. Kwa waalimu wa Mishna chulda alikuwa mnyama wa jamii ya kicheche.

Kwa meza ya Kiswahili, basi, uamuzi ni mwepesi kuliko ubishi wake. "Panya" peke yake linatosha katika mistari yote sita, kwa sababu lina upana ule ule wa ʿakhbar: wa dari, wa ghala, wa shamba. "Kipanya" lisiingie, mbali na kompyuta, Dar es Salaam ni gari la abiria. "Buku" ni mnyama wa Afrika na hakuwahi kufika Ashdodi. "Panya wa tauni" ni mahubiri yaliyojipenyeza katika andiko. Katika 6:5 tu ndipo tanbihi fupi ina faida: "yaani panya wanaoharibu mazao ya shambani, Kigiriki huwataja pia katika 5:6 na 6:1". Na kitenzi kiwe "wanaoharibu", kisiwe "wanaoangamiza", maana sikio la Kiswahili likisikia kuangamiza hufikiria watu.

Majina ya watu ndiyo yanayobaki bila dawa. ʿAkhbor, "panya", ni jina halisi la mtu: baba wa mfalme mmoja wa Edomu katika Mwanzo 36:38, na ofisa wa Mfalme Yosia. Katika 2 Wafalme 22:14, mwaka wa 18 wa Yosia, takriban 622 KK, kitabu cha Torati kimeonekana hekaluni na ujumbe unatumwa kwa nabii mwanamke kuuliza habari yake. Miongoni mwa waliotumwa wamo ʿAkhbor na Shafani, ambalo ni jina la wibari. Nabii mwenyewe ni Hulda, yaani yule chulda. Msikilizaji wa Kiebrania alisikia panya na wibari wakipanda kwenda kumwuliza kicheche. Sisi tunasoma Akbori, Shafani, Hulda, na tafsiri haina namna ya kumchekesha mtu hapo.